Alikuja Anatembea

Huyu bwana alikuja anatembea. Hilo naomba ulishike kabla sijasema kingine, maana kila nikisimulia hii stori watu wanadhani aliletwa kwenye machela kakakamaa, hapana, alikuja kwa miguu yake kutoka getini mpaka mapokezi, mkono wa kushoto kaukumbatia kwa ule wa kulia kama mtu aliyebeba mtoto, na kunisalimia alinisalimia vizuri tu.

Mimi nilikuwa mpiga eksirei. Kwenye makaratasi ni mteknolojia wa mionzi lakini mtaani nilikuwa "daktari wa picha", kwetu ukishavaa koti jeupe wewe ni daktari, hata kijana wa kupiga deki wodini nimesikia anaitwa daktari na anaitika. Sasa hivi nimestaafu niko zangu Ujiji na kuku. Hospitali sitaitaja, mkoa huu una hospitali kadhaa na mimi nimezunguka, tosheka na hapo. Yeye nitamwita Baba Zawadi, sio jina lake.

Baba Zawadi alikuwa mkwezi wa michikichi. Kama hujawahi kufika Kigoma, mchikichi wa zamani, ile mbegu ya dura ya mababu, unaenda juu kuliko nguzo ya umeme, na mtu anaupanda na kamba kiunoni na panga, anakata mkungu mzima wa chikichi unadondoka chini puu. Siku hizi kuna mbegu ya tenera, tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, aje na kampeni yake 2018 watu wamepanda mingi na bado ni mifupi unavuna umesimama chini, lakini wakati huo ninaousema ni kupanda tu. Kamba ikachomoka. Aliangukia upande, mkono wa kushoto chini na kichwa kikajikunja, hiyo ya kichwa kujikunja aliisema mkewe baadaye sana, usiku ule hakuna aliyemuuliza.

Wenzake wakampakia kwenye pikipiki. Mshikaki. Dereva mbele, yeye katikati, mtu nyuma anamshikilia asidondoke, na barabara ya kutoka vijiji vile ilivyokuwa kipindi kile, mashimo na matuta, kichwa kinacheza mbele nyuma njia nzima. Siwalaumu hata kidogo, gari la wagonjwa lingetoka wapi, wangemwacha pale chini ya mchikichi? Nasema tu shingo yake ilishavuka mtihani mmoja kabla ya kutufikia sisi, na ikauvuka, akafika anatembea.

Usiku huo kulikuwa na Noah imepinduka, watu kama tisa hivi, damu, makelele, ndugu wanalia nje. Zamu ilikuwa na daktari mmoja kijana, yuko kwenye mwaka wake wa mafunzo kazini, na nesi wawili. Kijana mzuri yule, saivi ni bingwa mahali fulani na nikikutana naye tunaongea mambo ya mpira tu. Akauangalia mkono wa Baba Zawadi. Mkono ulikuwa umepinda juu kidogo ya kiganja, yaani kama uma, hata mtoto wa darasa la pili angekwambia huo umevunjika, akaandika fomu: eksirei ya mkono wa kushoto. Mama Zawadi akasema, "Daktari, anasema na shingo imekaza." Kijana akaongeza chini ya fomu kwa haraka, na shingo. Hakuishika. Nina uhakika hakuishika kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nasubiri fomu.

Unajua maumivu yana ubinafsi. Mkono uliovunjika unapiga kelele mpaka shingo haisikiki, si kwa mgonjwa wala kwa daktari. Mgonjwa mwenyewe ukimuuliza unaumia wapi anakuonesha mkono.

Sasa nije kwangu.

Kipindi hicho tulikuwa bado na filamu zile za kusafisha gizani kwa dawa, na filamu zilikuwa zinahesabiwa kama mayai. Boksi lilikuwa limebaki robo, mgao unaofuata haujulikani unakuja lini, na nje kuna watu tisa wa Noah. Kwa hiyo sheria yetu ya mdomo ilikuwa kila mtu filamu moja kwa sehemu moja, ukirudia una maelezo ya kutoa asubuhi. Nikapiga mkono. Nikamkalisha nikapiga shingo ya ubavuni.

Shingo ina pingili saba. Binadamu saba, mbuzi saba, hata twiga na ule urefu wote ni saba. Ya kwanza ni kama pete, ya pili ina jino limesimama kama kidole, halafu zinapangana kwenda chini mpaka ya saba inayokaa juu ya pingili ya kwanza ya kifua. Ukipiga picha ya ubavuni mabega yanakuja mbele ya zile za chini, yanatupa kivuli cheupe, mtu mnene au mwenye mabega ya kazi humuoni chini ya ya tano. Na mkwezi ana mabega. Dawa yake ni kuvuta mikono yote miwili ushuke nayo chini wakati unapiga, ila huyu mkono mmoja umevunjika, unauvutaje? Ikishindikana kuna mkao mwingine tulifundishwa chuoni, mkono mmoja unanyanyuliwa juu ya kichwa mwingine unabaki chini kama mtu anaogelea, unapata njia ya kuona katikati ya mabega. Huo mkao unataka filamu nyingine.

Nikaitoa ile filamu kwenye maji nikaiweka kwenye taa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Sita nilizihesabu safi kabisa zimejipanga kama askari. Chini yake nyeupe tupu.

Nilijua. Hapa sitaki kudanganya mtu, nilijua picha haijatimia, ndiyo kitu cha kwanza unachofundishwa kuhusu shingo, hesabu mpaka saba na uone na kichwa cha ile ya kifua, usipoziona zote hiyo sio picha ya shingo ni picha ya nusu shingo. Nikafikiria boksi. Nikafikiria Noah. Nikafikiria pia kwamba jamaa katembea mwenyewe mpaka kwenye kiti changu. Nikampelekea daktari, sikusema kitu, nikaona ataona mwenyewe.

Akainyanyua kwenye taa ya dari, sekunde tatu nne, akaandika kwenye daftari la mgonjwa: shingo, picha haioneshi tatizo.

Nimekaa na hiyo sentensi miaka mingi. Picha haioneshi tatizo. Kiswahili chetu kina mtego hapo, maana ni kweli kabisa haikuonesha tatizo, ila kwa sababu haikuonesha sehemu yenye tatizo, kama vile mtu anakwambia nimeangalia chumbani mwizi hayupo na chumba chenyewe hakina taa. Akafungwa hogo mkono, ile plasta ngumu, akapewa diclofenac na panadol, rudi baada ya wiki mbili. Akaondoka. Kwa pikipiki tena.

Siku ya tisa wakamrudisha, safari hii amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu. Mkewe anasema alianza kudondosha kikombe. Halafu vidole ganzi, akadhani ni hogo limebana, wakalilegeza wenyewe kwa kisu. Halafu miguu ikawa mizito, asubuhi hiyo akashindwa kunyanyuka kwenda chooni. Nilimpiga picha mimi mwenyewe, safari hii nikapiga ule mkao wa kuogelea bila kuuliza mtu, filamu zipo hazipo shauri yao, na ikatokea pale kwenye taa wazi kabisa: pingili ya sita imeteleza mbele imepanda juu ya ya saba. Pale kwenye cheupe changu.

Wakampa rufaa Mwanza, akaondoka kalalia ubao, chupa za dripu zimejazwa zimewekwa huku na huku kichwani na plasta imepita kwenye paji la uso. Hayo tuliyafanya vizuri sana, watu wanne kumgeuza kama gogo, mmoja kashika kichwa na ndiye anayetoa amri. Tulijua kila kitu cha kufanya, ndiyo kinachoniuma.

Hakufa. Alirudi baada ya miezi, anatembea kwa fimbo, mguu mmoja unaburuta, vidole haviwezi kufunga kifungo cha shati. Kupanda mchikichi ndiyo basi tena.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, mtu mwenye deni halali mapema. Na nilichokuta kilinifanya nijione mjinga zaidi, kwa sababu kumbe swali la nani apigwe picha na nani asipigwe lilishajibiwa zamani na jibu lake halihitaji hata umeme. Marekani kuna utafiti uliotoka mwaka 2000 unaitwa NEXUS, hospitali 21, wagonjwa 34,069 wa ajali, wakataka kujua ni yupi unaweza kumwambia shingo yako nzima bila kumpiga eksirei. Ni mambo matano tu. Ukibonyeza katikati ya shingo kwa nyuma haumii, hajalewa, akili iko sawasawa anajibu vizuri, hana ganzi wala udhaifu popote, na hana jeraha lingine linaloumiza kiasi cha kumsahaulisha shingo. Yakitimia yote matano muache. Likikosekana moja, shingo hiyo ina kesi. Kati ya watu wote hao waliokuwa na shingo zilizoumia ni 818, na ile hesabu ya mambo matano iliwakosa 8 tu.

Mwaka uliofuata Wakanada wakatoa ya kwao, wagonjwa 8,924, wao wanaanza na hatari: umri wa miaka 65 na kuendelea, ganzi mikononi au miguuni, au namna ya ajali yenyewe, na kuanguka kutoka urefu wa mita moja tu au ngazi tano tayari wanaita ajali ya hatari. Mita moja! Sisi mtu katoka juu ya mchikichi. Wasipoona hatari ndiyo wanamwambia mgonjwa geuza shingo mwenyewe nyuzi 45 kushoto na kulia.

Sasa rudi kwa Baba Zawadi. Jeraha linaloficha, analo, mkono kama uma. Katikati ya shingo kubonyezwa, hakubonyezwa. Kidole kimoja, kaka. Kidole hakina mgao, hakiishi kwenye boksi. Na kwa kuwa alishashindwa mtihani kwa ule mkono peke yake, shingo yake ilitakiwa ikae imefungwa mpaka mtu azione pingili zote saba, kama filamu hakuna basi asubiri asubuhi amelala chali, kama asubuhi hakuna apelekwe kwenye nazo. Ubao na chupa mbili za dripu tulikuwa nazo usiku ule ule.

Na hata eksirei yenyewe ikipigwa kwa ukamilifu haiaminiki hivyo. Kuna watu walikusanya tafiti mbalimbali wakazichapisha 2005, kwa majeruhi wakubwa eksirei ya kawaida ilikuwa inakamata kama asilimia 52 tu ya shingo zilizoumia, siti skani asilimia 98. Yaani eksirei ni kurusha shilingi. Zile fedha za mkopo wa korona wa mwaka 2021, ile trilioni 1.3 ya IMF, sehemu yake ilienda kujenga majengo ya dharura na kununua siti skani kwa hospitali za rufaa za mikoa, na mimi naliona hilo ni jambo kubwa wala sina utani, Muhimbili idara kamili ya dharura ilifunguliwa 2010 tu na mafunzo ya ubingwa wa dharura yakaanza mwaka huo huo, kwa hiyo ukipiga hesabu hii taaluma hapa kwetu bado ni kijana. Ila mashine inapiga unachoiagiza. Kama hakuna aliyeishika shingo hakuna atakayeandika shingo kwenye fomu, na siti skani itapiga mkono vizuri sana kwa rangi.

Wapo pia ambao hawaangukii mita kumi. Bibi kateleza bafuni kagonga paji la uso, anakuja analalamika kisogo, lile jino la pingili ya pili limekatika. Vijana wa Kibirizi wanaopiga mbizi kichwa mbele kutoka kwenye boti, ziwa likiwa limeshuka wanakutana na mchanga. Wabeba gunia bandarini, gunia liko kichwani mguu ukateleza. Hawa wote unawakuta kwenye benchi wamekaa. Ikivunjika juu na uti wa fahamu ulio ndani yake ukakatika, kuanzia ya tatu mpaka ya tano ndiko inakotoka mishipa ya fahamu ya kile kiwambo cha kupumulia, huyo wala hafiki kwenye benchi.

Haya, nani alikosea?

Kulikuwa na kikao. Mimi nikasema nilipiga nilichoandikiwa. Daktari akasema alisoma alicholetewa. Nesi wa zamu akasema hakuambiwa kama ni shingo. Mtunza stoo akatoa leja, filamu ziliombwa tangu mwezi juzi. Mkubwa akasema tuandike "changamoto za vifaa", na neno changamoto kibongo bongo likishaandikwa kwenye ripoti ujue kosa limepata pa kulala. Kila mtu pale alikuwa na kipande cha ukweli na hakuna hata mmoja aliyesema uongo, ndiyo maana kikao kiliisha kwa soda.

Miaka baadaye nina mpangaji, kijana wa sheria, tukawa tunakaa jioni barazani, nikamwekea hiyo kesi kama stori ya mtu mwingine. Akacheka akasema hiyo ya kuzungushiana imeshakuwa na jibu Uingereza tangu 1951. Mtu aliingia hospitali na vidole viwili vimekakamaa akatoka na vinne, na hakuna aliyeweza kusema ni daktari gani au nesi gani aliyeharibu, mahakama ikasema huyo mgonjwa hana kazi ya kuwachambua, wote ni watumishi wenu, hospitali ijibu. Na sisi sheria zao hizo za kimazoea, zile za maamuzi ya majaji, tulizirithi, kuna tarehe kabisa, 22 Julai 1920, zilizokuwepo Uingereza siku hiyo ndiyo msingi, na za baadaye mahakama zetu zinazisoma kama mwongozo.

Nikamuuliza na lile la kwamba kila mtu alikuwa anapiga filamu moja, ndiyo ulikuwa utaratibu wa pale? Akasema hiyo nayo ni ya 1957, kesi ya Bolam, kwamba daktari hana kosa akifanya kile ambacho kundi la wenzake wenye taaluma wanakikubali. Nikashusha pumzi. Akaniangalia akasema ngoja, 1997 wakaongeza, kesi ya Bolitho, hicho wanachokikubali wenzake lazima kiwe na mantiki kikipimwa. Picha ya pingili sita ina mantiki gani?

Halafu akanipa nyingine ndiyo iliyonikosesha usingizi. London, siku ya mwaka mpya 1966, walinzi watatu wa usiku wamekunywa chai wanatapika, wakaenda hospitali, nesi akampigia simu daktari wa zamu, daktari naye anajisikia vibaya, akasema waende nyumbani wakamuone daktari wao. Mmoja akafa, kumbe chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mjane akashtaki, na mahakama ikasema ndiyo, hospitali ilikuwa na wajibu na haikuutimiza, lakini mama hupati kitu, kwa sababu hata wangempokea dakika ile ile angekufa tu, dawa isingemuwahi. Yaani kosa lipo ila halikusababisha.

Nikakaa kimya. Nikarudi kwa Baba Zawadi kichwani mwangu. Kama angefika amepooza tayari, tungesema kama wale wa aseniki, alishaharibika huko huko chini ya mchikichi. Lakini alikuja anatembea. Vidole vilikuwa vinafanya kazi, alisaini fomu yangu kwa mkono wa kulia, jina lote. Kile kitu kilichotufanya tumuone mzima ndicho hicho hicho kingetumaliza mahakamani, kwa sababu kila alichopoteza alikipoteza baada ya sisi kumwambia nenda nyumbani. Nilikuwa nimejifariji miaka yote na ushahidi ulionielekea mimi.

Mpangaji hakujua kwa nini sikumalizia chai.

Kuna moja pia ya 2018, mahakama ya juu ya Uingereza, kijana kapigwa kichwani, mtu wa mapokezi akamwambia utasubiri masaa manne mpaka matano, akakaa dakika 19 akaenda zake, akaharibikiwa ubongo. Hospitali ikawajibika kwa sababu ya yale maneno ya mapokezi, alitakiwa aambiwe ataonwa na nesi ndani ya nusu saa. Mtu wa mapokezi! Sisi kwetu mapokezi wanamwambia mtu "subiri" bila saa wala dakika na tunaona ni utaratibu.

Sasa kwa hapa kwetu usifikirie ni rahisi. Madai ya uzembe kama haya una miaka mitatu. Hospitali ya serikali unatoa kwanza notisi ya siku 90, na tangu 2020 hata ukiishtaki halmashauri lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe na kesi inaenda Mahakama Kuu. Unahitaji wakili, na unahitaji daktari asimame kizimbani aseme mwenzake alikosea, na mkoa mzima madaktari hao wanafahamiana, wamesoma wote, wanaoana. Kulalamika kwenye mabaraza ya taaluma ni rahisi zaidi, madaktari wana baraza lao, manesi lao, sisi wa mionzi letu, ila huko wanamuadhibu mtumishi, mgonjwa hapewi hata nauli ya kurudia. Mkulima wa michikichi aliyeuza baiskeli aende Mwanza hiyo yote ataianzia wapi. Anasema ni mipango ya Mungu, na hospitali inasema amina.

Mnakumbuka 2007 pale taasisi ya mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wote Emmanuel, wa kichwa akapasuliwa goti, wa goti akapasuliwa kichwa? Nchi nzima ilijua, kwa sababu lile kosa lina picha, mtu yeyote analielewa hata ukimsimulia kwenye daladala. Kosa la shingo halina picha. Linaonekana kama ugonjwa umezidi.

New Zealand tangu 1974 wana mfuko, ukiumia unalipwa bila kuthibitisha nani mzembe, hata ukiumizwa na matibabu. Naupenda ule mpango kwa sababu moja ya kibinafsi kabisa, kama ungekuwepo kwetu ningefungua mdomo ile siku ya tisa. Nilikaa kimya kwa kuogopa, wala sikuwa na siri kubwa ya kulinda, niliogopa kazi, baraza, na mafao yaliyokuwa yamebakiza miaka michache. Lakini pia msije mkaniambia hofu ya kushtakiwa ndiyo inaharibu hospitali, hapa kwetu nani kashtakiwa? Tunaogopa kitu ambacho karibu hakiji, na tunapata hasara zake zote, tunaficha mafaili, hatufundishani, na yule aliyeumia hapati hata yale ambayo hofu hiyo ilitakiwa imletee.

Nilienda kumuona mwaka wa nne. Ndiyo, miaka mitatu ilikuwa imeshapita. Hiyo sheria nilikuwa nimeshaisikia wakati huo, na sikukaa nikahesabu tarehe kwa makusudi, ila ukiniambia nilihesabu sitabishana na wewe sana.

Nilimkuta nje amekaa kwenye kigoda, mkewe anachemsha mawese kwenye pipa, moshi wote unatujia sisi. Nikasalimia, nikakaribishwa, nikapewa ndizi. Nikawaambia mimi ni yule wa picha. Mama Zawadi akasema, "Tunakukumbuka daktari, ulitupokea vizuri." Nikaona hapa nikila hizi ndizi nitaondoka bila kusema, nikaisogeza sahani. Nikasema ile picha ya kwanza haikutimia, na mimi nilijua usiku ule ule.

Hakuna aliyesema kitu. Mama Zawadi akaacha kukoroga. Baadaye Baba Zawadi akauliza, "Unasema ilikuwepo?" Nikasema ilikuwepo. Akamuangalia mkewe, mkewe akaingia ndani, nikajua anaenda kulia au anaenda kuchukua panga, akatoka na bahasha ya kaki imetoboka kona. Zilikuwa chini ya kitanda miaka yote, picha za kwanza, za pili, za Mwanza, na lile daftari lenye mwandiko wa yule kijana. Ushahidi wote wa kesi ambayo haijawahi kufunguliwa ulikuwa chini ya kitanda na panya wameanza kuula.

Akaitoa ya kwanza kwa vile vidole vyake, ikamponyoka, akaiokota mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Akainyanyua juu kuelekea jua.

"Nioneshe," akasema.

Tukahesabu wote, mimi naweka kidole yeye anataja. Moja. Mbili, ile yenye jino. Tatu, nne, tano. Sita.

"Na ya saba?"

Nikaweka kidole kwenye cheupe.